Naomba ushauri: mlio wa chuma mbele ya injini ninapowasha asubuhi, nitajuaje kama ni cheni ya taimingi?

Dereva_Makini

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri wenu kabla sijaruhusu injini ya gari langu ifunguliwe. Gari hili lina injini ya petroli ya silinda nne, yenye kemshafti mbili juu (shafti zinazofungua valvu) na mfumo wa VVT, yaani unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka injini ikifanya kazi, na limeshatembea zaidi ya kilomita 180,000 bila cheni yake ya taimingi kuguswa. Kwa muda sasa, kila ninapoliwasha baada ya kulala usiku kucha, husikika mlio mkavu wa vyuma vinavyogongana kutoka mbele ya injini, upande ule ule ulipo mkanda wa altaneta. Mlio huo hudumu sekunde mbili au tatu, kisha hukoma kabisa, na nikizima na kuwasha tena injini ikiwa ya moto siusikii. Zamani ulitokea mara moja moja. Sasa ni karibu kila asubuhi.

Kuna mambo mengine mawili ambayo sijui kama yanahusiana na hilo. Gari limekuwa zito kidogo kuondoka kwa mwendo wa chini, ingawa likishashika kasi linakwenda vizuri, na taa ya injini kwenye dashibodi iliwahi kuwaka kisha ikazimika yenyewe. Fundi wa kwanza alilisikiliza kwa muda mfupi akasema cheni imekwisha na lazima ibadilishwe pamoja na vyote vinavyoambatana nayo. Wa pili alisema cheni ni nzima, kilichokufa ni gia ya VVT. Wote wawili waliamua kwa sikio tu, na mimi sipendi kufungua injini kwa kubahatisha. Je, dalili za cheni iliyolika hutofautianaje na za vitu vingine vinavyopiga kelele mahali hapo hapo, na ni vipimo gani nivitake kabla ya kukubali?

Fundi_Spana

Mkuu, umefanya vizuri kueleza mlio unatokea lini, maana katika suala hili wakati wa mlio hueleza mengi kuliko mlio wenyewe.

Cheni ya taimingi huunganisha krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti ili krenkshafti inapozunguka mara mbili kemshafti izunguke mara moja, na hukazwa na tenshena ambayo kwenye injini nyingi za sasa husukumwa na presha ya oili. Gari likilala, oili hushuka taratibu hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na tenshena hubaki na nguvu ya springi yake tu, pamoja na meno ya kuizuia isirudi nyuma iwapo imetengenezwa nayo. Unapowasha, katika ule muda mfupi kabla pampu haijafikisha oili juu, cheni iliyolegea hupiga gaidi zake, yaani reli za plastiki zinazoiongoza, na ikiwa imelegea sana hugusa hata kava la mbele. Presha ikifika, tenshena hutoka, cheni hukazika na kelele hukata. Kwa hiyo mlio wa asubuhi unaokoma wenyewe unathibitisha kwamba kuna ulegevu mahali fulani, lakini hausemi ulegevu huo umetokana na nini.

Anza na oili, kwa sababu haihitaji kufungua chochote. Pima kiwango chake gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa. Kisha angalia filta: filta nzuri ina valvu ya mpira inayozuia oili isirudi kwenye sampu injini inapozimwa, na filta duni au iliyochakaa inaweza kuleta mlio huo huo kwenye injini ambayo cheni yake haina kasoro. Nimeona cheni nyingi zikilaumiwa kwa kosa la filta.

Fundi wako wa pili naye hakusema jambo la ajabu. Ndani ya gia ya VVT kuna pini inayoifunga ibaki mahali pake injini inapozimwa. Pini hiyo au tundu lake likilika, gia hucheza na kugonga wakati wa kuwasha mpaka ijae oili. Mlio wake wa kugonga huwa mzito zaidi na hutoka juu, karibu na kava ya tapeti (tapeti ni vipande vinavyosukuma valvu), wakati cheni husikika ikichakarika kwa urefu wote wa kava la mbele. Tumia stethoskopu ya mafundi, na uangalie sana mikono na nguo zako zisikaribie mkanda unaozunguka. Tapeti ni rahisi kuzitenga: hugonga kwa mdundo sawia, kasi yake ikipanda pamoja na injini, na kwa kawaida hazinyamazi ghafla namna unavyoeleza. Kuhusu altaneta na vitu vingine vya nje, fungua mkanda wa nje na uwashe injini ya baridi kwa sekunde chache tu, kwa kuwa huenda pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo. Mlio ukibaki, tatizo liko ndani.

Safari_Ndefu

Kwa maoni yangu mnamtia mwenzetu hofu bure. Cheni imetengenezwa idumu umri wote wa injini, ndiyo maana watengenezaji wengi hawaipangii kilomita za kubadilishwa kama wanavyofanya kwa mkanda wa taimingi. Mimi kwenye gari langu la zamani niliweka oili nzito zaidi na kelele ya asubuhi ikaisha. Jaribu hilo kwanza, ndugu, kabla ya kutajirisha gereji.

Mzee_wa_Bonneti

Ndugu Safari_Ndefu, ushauri huo nimekuwa nikiusikia tangu siku za kabureta, na hata wakati ule haukuwa mzuri. Oili nzito injini ikiwa baridi huchelewa kufika juu, na tenshena ndiyo inayoisubiri. Mlio unaweza kupungua injini inapopata joto, kwa sababu oili nzito ikiwa ya moto hutoa presha kubwa kuliko nyepesi, lakini yeye analalamikia mlio wa baridi. Tena mfumo wa VVT hutegemea vijia vyembamba na valvu ya umeme yenye chujio dogo, na kompyuta ya injini hutarajia oili ipite humo kwa kasi fulani. Ukiweka oili ambayo kitabu cha gari hakikuitaja, gia ya VVT huanza kuchelewa kuitikia, na hapo utakuwa umeongeza dalili ya pili juu ya ile uliyotaka kuificha.

Hilo la cheni kudumu umri wote wa injini lina sharti ambalo wauzaji hawalitaji kwa sauti: oili iwe safi, iwe ya daraja linalotakiwa, na iwe ya kutosha kila siku. Cheni hulainishwa na oili ile ile inayobeba masizi na vumbi la chuma. Injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda ndizo zilizoumia zaidi, kwa kuwa masizi yake ni mengi na huingia kwenye oili. Jambo hilo lilifika mpaka kwenye viwango vyenyewe: daraja la oili la API SP (API ni Taasisi ya Petroli ya Marekani), lililoanza kutumika Mei 2020, liliongeza jaribio mahususi la kupima ulikaji wa cheni ya taimingi. Watu hawatungi jaribio la namna hiyo kwa ajili ya kitu ambacho hakiliki.

Mhandisi_Mitambo

Ninaomba kuongeza jambo ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha swali la Dereva_Makini. Watu husema cheni imevutika, kana kwamba chuma kimerefuka. Kinachotokea ni kwamba pini na bushi za kila kiungo hulika kidogo, na uchache huo hujumlishwa, kama ilivyo kwenye cheni ya baiskeli iliyozeeka. Chukua mfano wa cheni ambayo upande wake unaovuta, yaani kutoka krenkshafti hadi kemshafti, una viungo 50 vyenye nafasi ya milimita 8 kila kimoja. Kila kiungo kikilika milimita 0.04 tu, upande huo unarefuka kwa milimita 2. Kwenye sproketi ya kemshafti, yaani gurudumu la meno linalobeba cheni, yenye meno 36, milimita 2 ni sawa na digrii 2.5 hivi za kemshafti, yaani digrii 5 za krenkshafti. Hapo valvu zinachelewa kufunguka na kufungika, na injini inaanza kuwa nzito kwenye mwendo wa chini, jambo ambalo mwenzetu amekwisha kulitaja.

Sasa angalieni kazi ya tenshena. Yenyewe hukaa upande wa cheni uliolegea, si upande unaovuta. Inaweza kumeza ulegevu wote na kuifanya injini inyamaze, lakini haina uwezo wa kuirudisha kemshafti kwenye nafasi yake. Ndiyo maana cheni iliyolika vibaya yenye tenshena nzuri inaweza kuwa kimya kabisa huku taimingi imechelewa, na cheni nzima yenye tenshena iliyochoka inaweza kupiga kelele huku taimingi iko sawa. Kelele hupima tenshena na oili, na anayetaka kuijua cheni yenyewe hana budi kupima uhusiano wa krenkshafti na kemshafti.

Kipimo_Kwanza

Ninaungana na mhandisi, na kipimo hicho kinaanzia kwenye ile taa iliyowaka ikazimika. Taa kuzimika hakumaanishi kwamba kumbukumbu imefutika. Mara nyingi namba ya hitilafu hubaki kwa muda kwenye kompyuta ya injini pamoja na hali ya injini wakati ule, yaani joto, mzunguko na mzigo. Asiifute mtu yeyote kabla hujaiandika.

Namba za kutafuta ni P0016 hadi P0019, ambazo husema kwamba sensa ya krenkshafti na ya kemshafti haziafikiani. P0016 na P0017 ni za benki ya kwanza, yaani safu ya kwanza ya silinda, na kwa kuwa injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja ina benki moja, hizo mbili ndizo zinazokuhusu. Namba kama P0011 husema kwamba VVT imetangulia kuliko ilivyoamriwa, na mara nyingi hiyo hukuelekeza kwanza kwenye oili, valvu ya umeme ya VVT au gia yake, kabla ya cheni. Hata P0016 peke yake si hukumu, kwa sababu sensa mbovu, waya uliochubuka au gia ya VVT iliyokwama isirudi mahali pake inaweza kuileta.

Baada ya hapo mwombe fundi aunganishe mashine na kukuonyesha data injini ikiwa inafanya kazi: pembe ya kemshafti inayotakiwa na pembe halisi. Tofauti ikibadilikabadilika, au ikitoweka VVT inapotumika, shuku VVT. Tofauti ikiwa ni ile ile wakati wote, kwa upande wa kuchelewa, shuku cheni. Ukubwa wake nao una maana. Sproketi ya krenkshafti yenye meno 18 hubeba digrii 20 kwa kila jino, kwa hiyo cheni iliyoruka jino moja hupotosha taimingi kwa digrii 20 za krenkshafti kwa mkupuo, wakati iliyolika huanza na digrii chache na kuongezeka taratibu. Mwenye osiloskopu anaweza kuyaona hayo kwa kulinganisha mawimbi ya sensa zote mbili na yale ya injini nzima ya aina hiyo hiyo, bila kufungua hata boliti moja.

Ukiweza, pima na kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Silinda moja ikiwa chini, tafuta valvu au ringi za silinda hiyo. Zote nne zikiwa chini kwa kiasi kinacholingana, taimingi iliyochelewa inapanda juu kwenye orodha ya watuhumiwa, maana valvu za kuingiza hewa hufunga kwa kuchelewa na sehemu ya hewa hurudi ilikotoka.

Dereva_Makini

Ninawashukuru sana, nanyi Mzee_wa_Bonneti na mhandisi hasa. Nimerudi na majibu. Oili ilikuwa karibu na alama ya chini kwenye kijiti, ingawa haikuwa chini yake. Nimeibadilisha kwa oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari na kuweka filta bora. Mlio umepungua urefu lakini haujaisha. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa na P0016. Kwenye data, kemshafti ya kuingiza hewa inaonekana imechelewa kwa digrii kadhaa, na tofauti hiyo haibadiliki sana injini ikiwa baridi au moto. Kompresheni ya silinda zote nne iko chini kidogo ya kiwango cha mtengenezaji, na zinakaribiana sana. Je, hayo yanatosha kufungua, na je, ninaweza kuendelea kuliendesha wakati ninatafuta vipuri?

Fundi_Spana

Yanatosha kufungua ili kutazama, ambako ni hatua ndogo kuliko kufungua ili kubadilisha. Kwenye injini nyingi unaweza kutoa kava ya tapeti na kuiona cheni ikipita juu ya sproketi za kemshafti. Tazama kama kiungo kinanyanyuka kutoka kwenye meno kikivutwa kwa kidole, kama meno ya sproketi yamechongoka, na kama gaidi zina mifereji iliyochimbwa na cheni. Baadhi ya injini zina kizibo pembeni kinachokuwezesha kuona tenshena imetoka kiasi gani bila kuvua kava la mbele. Tenshena iliyokaribia mwisho wa safari yake ni ushahidi ambao sidhani kama kuna fundi atakayeupinga, kwa sababu inatoka kwa kadiri cheni ilivyorefuka na gaidi zilivyolika. Kitabu cha ufundi cha injini yako kitataja kikomo.

Oili uliyomwaga bado unayo? Ipitishe kwenye kitambaa cheupe, na uikate filta ya zamani uitazame ndani. Vipande vya plastiki ya kahawia au nyeusi ni gaidi inayovunjika, na hilo huhitaji kushusha sampu, kwa kuwa vipande hivyo huenda kwenye chujio la pampu ya oili na kuinyima injini oili. Chembe za chuma zinazong'aa zinaweza kutoka kwenye cheni, lakini pia kwenye beringi, kwa hiyo usizihesabu kama ushahidi wa cheni pekee.

Mzee_wa_Bonneti

Kuhusu kuendesha, nitakujibu bila kuzunguka. Uliza kwanza kama injini yako ni ya aina ambayo valvu na pistoni hutumia nafasi moja kwa zamu, na injini nyingi za petroli za sasa ziko hivyo. Kwenye injini ya namna hiyo, cheni ikiruka meno ya kutosha au ikikatika, pistoni hukutana na valvu zilizo wazi, valvu hupinda, na wakati mwingine pistoni hutoboka. Kazi inakuwa ya kufungua hedi, na pengine injini nzima. Kwa mlio mfupi wa baridi bila hitilafu kwenye kompyuta, ningekuruhusu uendelee kwa uangalifu huku unapima. Kwa mlio pamoja na P0016 na tofauti ya pembe isiyobadilika, ningeliegesha. Mlio ukianza kusikika injini ikiwa ya moto, au unapoachia mafuta ghafla ukiwa kwenye mwendo, au injini ikaanza kumisi na kutikisika, zima na uvutwe. Usijaribu kulisukuma liwake, na usiliache kwenye mteremko likiwa limeshikiliwa na gia peke yake: injini ikisukumwa kinyumenyume, upande wa cheni uliokuwa ukivuta ndio unaolegea na mzigo wote huiangukia tenshena. Kuna injini zinazojulikana kwa cheni zake kuruka meno kwa namna hiyo.

Safari_Ndefu

Nimesoma vipimo vyake na ninaondoa neno langu la oili nzito kwa gari hili. Lakini nina swali la nia njema: kama tenshena ndiyo inayopiga kelele, kwa nini asibadilishe tenshena peke yake? Kwenye injini nyingine hutolewa kwa boliti mbili tu kutoka nje.

Mhandisi_Mitambo

Ni swali la haki, na kama kompyuta isingeonyesha hitilafu na pembe ingekuwa sawa, ningekubaliana nawe. Kwa vipimo alivyoleta, tenshena mpya itatoka umbali ule ule iliotoka ya zamani, itanyamazisha mlio kwa muda, na kemshafti itaendelea kuchelewa kama kawaida. Atakuwa amejinyang'anya ile kelele iliyokuwa ikimwonya. Badilisha seti: cheni, tenshena, gaidi zote, na sproketi pale ambapo meno yake yameonyesha kulika, maana cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka hulika upesi. Gia ya VVT ikaguliwe ikiwa mkononi, kwa kuwa kwenye injini kama hii ndiyo sproketi yenyewe ya kemshafti ya kuingiza hewa.

Dereva_Makini

Kava ya tapeti imetolewa. Gaidi ya upande wa tenshena ina mfereji unaoonekana kwa macho, na tenshena imetoka kupita kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu. Gia ya VVT imefunga vizuri na haichezi. Kazi inaanza, nami nitakuwepo. Ni mambo gani nisimamie, na injini ikiwashwa mara ya kwanza nikisikia mlio tena niwe na wasiwasi?

Fundi_Spana

Simamia mambo haya. Kemshafti na krenkshafti zifungwe kwa vifaa vyake maalumu vya kuzishikilia, zisifungwe kwa alama ya rangi iliyochorwa kwa mkono. Boliti ambazo kitabu kinasema ni za kutumika mara moja zibadilishwe, kwa sababu huvutika zinapokazwa. Pini ya usalama ya tenshena ichomolewe baada ya kila kitu kukaa mahali pake. Imewahi kusahaulika ndani. Kisha, kabla ya stata kuguswa, krenkshafti izungushwe kwa spana mizunguko miwili kamili kwa upande wake wa kawaida, na vifaa vya kushikilia vijaribiwe tena kama vinaingia. Kukiwa na kitu kinachozuia wakati wa kuzungusha, asitumie nguvu, afungue atazame.

Mara ya kwanza, zuieni petroli isiingie na mpige stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike, ndipo mwashe. Mlio mfupi hapo si ajabu, kwa kuwa tenshena bado ina hewa. Unaotakiwa kukutia wasiwasi ni utakaorudi kesho yake asubuhi. Futeni P0016, na kama gari lako linahitaji kompyuta ifundishwe upya nafasi ya kemshafti, mfanye hivyo siku hiyo hiyo, kisha usome tena ile pembe iliyokuwa imechelewa na uiandike. Filta hii mpya usiiache imalize kilomita zake zote. Itoe mapema uikate, uone kama kuna plastiki iliyobaki ndani ya injini.